Uniti Ngapi kwa Chungu Kimoja cha Maharage?

Mazungumzo na watumiaji wa umeme wa wilaya za Karatu na Ngorongoro



Swali lililoletwa mbele yetu ni fupi. Mtu anayo soketi ukutani na anafikiria kununua jiko la umeme la presha, lile lenye mfuniko wa kufunga kwa kuzungusha na vitufe upande wa mbele. Jirani amemwonya kwamba kifaa hicho kinakula umeme. Sasa anataka kujua kinakula kiasi gani, na kama ataweza kukilisha mwezi hadi mwezi. Ni swali la haki. Mwenye kipato kidogo akinunua kifaa asichokielewa, fedha zake zimekwenda na kifaa chenyewe anakiogopa. Kinabaki juu ya kabati kimefunikwa kitambaa, na yeye anarudi kwenye mafiga.

Nitatoa jibu kwanza, maelezo yafuate. Katika nyanda hizi za juu, chungu cha kilo moja ya maharage ndani ya jiko la umeme la presha hutumia takriban nusu uniti. Maharage hayo hayo yakipikwa juu ya jiko la umeme la koili, ndani ya sufuria la kawaida, yanaweza kumaliza uniti mbili hadi tatu. Kwa nyumba nyingi za hapa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama familia itabaki katika bei ya chini ya umeme au itavuka na kulipa bei ya juu.

Tuanze na kibati kilichobandikwa chini ya kila kifaa. Hapo pameandikwa wati. Watu wengi husoma wati kana kwamba ni bei: birika la umeme la wati 2,000 linaogopwa kuliko jiko la koili la wati 1,000. Lakini wati ni kasi ya kula tu. Mlaji wa haraka anayeondoka mezani baada ya dakika tatu hula kidogo kuliko mlaji wa taratibu anayekaa mezani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Uniti moja, ile inayohesabiwa na mita ya LUKU, ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja nzima. Birika la wati 2,000 huchemsha lita moja ya maji kwa muda wa dakika tatu hivi, kisha linajizima. Limetumia sehemu moja ya kumi ya uniti. Jiko la koili la wati 1,000 likiachwa limewaka saa tatu limetumia uniti tatu, yaani sawa na kuchemsha lita 30 za maji ya chai. Kwa hiyo, unaposoma kibati, jiulize pia swali la pili: kifaa hiki kitawaka kwa muda gani?

Swali hilo la muda lina uzito wa pekee katika wilaya zenu, kwa sababu ninyi mnaishi juu. Mji wa Karatu uko kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unafika kiasi cha mita 2,300. Kadiri tunavyopanda, hewa inapungua uzito, na maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi: hupungua nyuzi moja hivi kwa kila mita 300. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100. Mang'ola, chini kando ya Ziwa Eyasi, ni karibu nyuzi 97. Karatu mjini ni kiasi cha 95, na ukingoni mwa kreta ni kama 92 tu.

Kila mpishi wa hapa anajua matokeo yake, hata kama hajawahi kuyapima. Mgeni kutoka pwani akija na maharage yake na saa yake hushangaa kuona muda umepita na maharage bado yanagonga sahani kama kokoto. Kande, mbaazi na ngwara ni hivyo hivyo. Wazee wetu walilijua tatizo hili na walikuwa na dawa yake, nayo ni magadi. Chumvi ile kutoka Ziwa Natron na maziwa mengine ya bonde hulainisha maganda ya kunde, na kwa hiyo hupunguza kuni. Ulikuwa ujanja mzuri, ingawa magadi huharibu sehemu ya vitamini zilizomo ndani ya maharage, na ndiyo maana wataalamu wa lishe hawapendi yatumiwe ovyo.

Liko jambo moja ambalo nawaomba mlishike, kwa sababu hapo ndipo uniti nyingi zinapotea. Maji yakishachemka katika sufuria lililo wazi, hayapandi tena joto. Ukizungusha kitufe cha jiko la koili hadi mwisho, hayatapita nyuzi zile 95. Umeme wote wa ziada unageuka mvuke na kupotelea darini. Maharage hayaivi haraka zaidi; kinachoharakishwa ni kukauka kwa maji, na wewe unaongeza mengine ya baridi, na kazi inaanza upya. Mwenye jiko la koili, basi, na afunike sufuria, na maji yakianza kuchemka arudishe kitufe chini mpaka yabaki yakitokota kidogo tu. Hilo peke yake linaweza kuokoa sehemu kubwa ya umeme bila kununua kifaa chochote.

Jiko la presha hufanya kazi kwa njia nyingine. Mvuke unafungiwa ndani, shinikizo linapanda, na maji yanafika kiasi cha nyuzi 110 hata huku juu. Kutoka 95 hadi 110 ni hatua ya nyuzi 15, na kwa aliye ukingoni mwa kreta hatua hiyo ni kubwa zaidi. Ni kana kwamba chungu kimeteremshwa mlima hadi pwani, kisha kikapita pwani. Kwa sababu hiyo kifaa hiki kinamfaa mtu wa Rhotia, Oldeani au Loliondo kuliko kinavyomfaa mtu wa Tanga.

Nusu uniti niliyoitaja inapatikana hivi. Chukua kilo moja ya maharage na lita mbili za maji ya baridi ya huku, ambayo asubuhi huwa na nyuzi 18 au pungufu. Jiko la wati 1,000 huvuta umeme mfululizo kwa dakika 20 hadi 25 mpaka presha ijae. Hapo linajikata lenyewe. Kuanzia wakati huo, kwa dakika 30, 40 au zaidi kulingana na ukavu wa maharage, linavuta umeme kwa vipindi vifupi tu ili joto lisishuke, kwa kuwa limezungushiwa ganda linalozuia joto kutoka. Ukijumlisha vyote unafika karibu nusu uniti. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha hutumia pungufu ya hapo. Msiniamini kwa maneno: soma uniti zilizobaki katika mita kabla ya kuanza, zima friji na pasi kwa muda huo, pika, kisha soma tena. Mita ya LUKU huonyesha hata sehemu za uniti.

Sasa tuingie katika shilingi. Natumia bei zilizoanza Aprili 2016 chini ya agizo la EWURA. Msomaji atakayekuta bei zimebadilika abadilishe namba na kufuata hesabu ile ile. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, aliye katika kundi liitwalo D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa matumizi ya kawaida, kundi T1, hulipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ile ya kwanza. Juu yake huongezwa asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 3 ya mfuko wa nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA. Kwa hiyo, mkononi mwako, uniti ya D1 ni shilingi 122, ile inayozidi 75 ni shilingi 427, na uniti ya T1 ni shilingi 356 na senti kidogo.

Kama hujui uko kundi gani, chukua ujumbe wa manunuzi yako ya pili au ya tatu ndani ya mwezi, ugawe fedha kwa uniti. Ukipata kama 122, uko D1. Ukipata kama 356, uko T1. Mteja wa nyumbani anayeona kwamba matumizi yake ni madogo na bado yuko T1 anaweza kwenda ofisi ya TANESCO na kuomba kundi lake liangaliwe upya. Vivyo hivyo, mteja wa D1 anayezidi uniti 75 mwezi baada ya mwezi anaweza kuhamishwa.

Chungu chetu cha nusu uniti, basi, ni shilingi 61 kwa D1 na shilingi 178 kwa T1. Chungu cha uniti tatu juu ya koili ni shilingi 366 kwa D1 na zaidi ya shilingi 1,000 kwa T1. Kuhusu mkaa sitawatajia bei, maana mnaijua kuliko mimi na hubadilika kwa msimu wa mvua. Jiulizeni tu: mkaa unaotosha kuivisha maharage ya kilo moja tangu mawe hadi mchuzi unanunuliwa kwa shilingi 178? Mwenye kuni za kuokota atasema kuni ni bure. Ahesabu basi saa za kwenda na kurudi na mzigo mgongoni. Akumbuke pia kwamba msitu wa nyanda za juu kaskazini, ulio juu ya mashamba ya Karatu, ndio unaolinda chemchemi ambazo vijiji vingi vinakunywa.

Hesabu ya chungu kimoja haitoshi, kwa kuwa LUKU hulipwa kwa mwezi. Tuchukue nyumba moja ya kawaida ya D1. Taa tano za wati 9 zikiwaka saa tano kila usiku ni karibu uniti 7 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano kwa siku ni uniti 9. Friji ndogo inayotumia uniti moja kwa siku ni uniti 30. Simu za nyumba nzima, tuseme uniti moja. Birika linalochemsha lita tatu kwa siku ni uniti 9. Jumla ni 56. Nyumba hii inapika maharage au kande mara 15 kwa mwezi.

Ikipikia jiko la presha, inaongeza uniti 7 na nusu, inafika 63 na nusu, na inalipa shilingi 7,747. Ikipikia koili kwa mtindo wa kuliacha liwake saa tatu, inaongeza uniti 45 na kufika 101. Zile 75 za kwanza ni shilingi 9,150. Zile 26 zilizovuka ni shilingi 11,102. Jumla ni shilingi 20,252. Familia ni ile ile na maharage ni yale yale, lakini tofauti ya mwezi ni shilingi 12,505. Angalieni kwamba uniti 26 za mwisho zimegharimu kuliko 75 za mwanzo. Mtu anayesema "tulianza kupikia umeme na fedha zikapaa" hasemi uongo. Ila mara nyingi alianza na koili.

Kwa mama lishe aliye T1 hakuna ngazi ya kuvuka, lakini vyungu ni vingi. Vyungu vinne kwa siku ni uniti mbili, karibu shilingi 712. Kwa koili vingekuwa uniti nane hadi kumi na mbili.

Upo mtego mwingine katika ununuzi wenyewe. Zile uniti 75 huhesabiwa kwa unachonunua ndani ya mwezi wa kalenda, hata kama utakitumia mwezi ujao. Mtu aliyeuza vitunguu vyake Mang'ola akaona vema anunue umeme wa miezi miwili kwa mkupuo, anajikuta nusu ya pili ameinunua kwa shilingi 427 kwa uniti. Mwenye D1 anunue kidogo kidogo, kila mwezi kwa mwezi wake. Tena, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500. Hukatwa pale unaponunua mara ya kwanza katika mwezi, na hapo uniti huonekana chache. Wapo wanaolilaumu jiko jipya kwa kosa ambalo si lake.

Tuseme na udhaifu wa kifaa hiki, kwa sababu muuzaji hatautaja. Ugali wetu husongwa, na sufuria laini la jiko la presha halijatengenezwa kustahimili mwiko na nguvu za mikono. Chapati nazo hazipikiki humo. Nyumba nyingi zitabaki na mtungi wa gesi au jiko la pili. Kwa maoni yangu hilo si hasara: acha jiko la presha lifanye kazi ndefu, yaani maharage, kande, nyama ngumu, makongoro na mchemsho wa ndizi, nalo jiko lenye mwali lifanye kazi fupi. Umeme pia hukatika. Ukikatika presha ikiwa imekwisha kujaa, usifungue mfuniko. Joto lililofungiwa ndani litaendelea kuivisha chakula kwa muda, na kufungua kwa nguvu kunaweza kukuunguza vibaya. Ngoja mpaka kipini cha presha kishuke chenyewe.

Kwa walio mwisho wa laini ndefu za vijijini kuna jambo jingine. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, jiko la wati 1,000 hubaki na nguvu za robo tatu hivi. Chakula kitachelewa, ingawa uniti hazitaongezeka sana, kwa kuwa mita huhesabu kile kilichovutwa kweli. Lakini umeme hafifu wa kila jioni si jambo la kuvumilia kimya. Toeni taarifa TANESCO, ikiwezekana kijiji kizima kwa pamoja, mkiandika siku na saa, na mchukue namba ya taarifa yenu.

Unapokwenda dukani, iwe Karatu mjini au Arusha, omba kifaa kitolewe kwenye boksi. Soma kibati: volti 220 hadi 240, wati, na lita. Familia ya watu watano au sita inatoshwa na lita tano au sita. Kubwa kuliko hilo utakuwa unapasha joto sufuria tupu. Tafuta alama ya ubora ya TBS. Tazama mpira wa mfuniko, kisha muulize muuzaji kama anauza mpira wa akiba, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kuchakaa, na jiko lisilo na mpira mzima halijazi presha na huvuta umeme bila kukoma. Dai risiti yenye jina la kifaa na tarehe, pamoja na hati ya dhamana. Bidhaa bandia na udanganyifu wa muuzaji hupelekwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Malalamiko ya umeme wenyewe huanzia TANESCO, na usiporidhika huendelea EWURA. Baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kukuelekeza na kukusemea.

Soketi nayo iangaliwe. Wati 1,000 kwa muda mrefu si mzigo wa waya mwembamba wa kuunganishia, ule unaobeba pia televisheni na chaji tatu za simu. Chomeka jiko moja kwa moja ukutani. Plagi ikipata moto mpaka haishikiki, zima na uite fundi mwenye leseni ya EWURA. Usikubali anayepita mtaani na bisibisi mfukoni.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa miaka kumi, hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Mtasikia mengi juu yake, na wauzaji wa majiko watakuja na magari yenye vipaza sauti. Wakija, waulizeni wati, muda na uniti, kisha mzidishe wenyewe.

Nimeona wengine wamekuja na vifaa vyao kutoka nyumbani. Vileteni hapa mezani mmoja baada ya mwingine, tugeuze, tusome vibati, na tupige hesabu ya kila kimoja mbele ya mwenyewe. Tuanze na lile birika la mama aliyeketi mstari wa pili.